Mita moja iliyoizima Pangani, kisha ikaigeukia Tanga

Ukitaka kuielewa reli ya Tanga, anzia Pangani, mji ambao reli hiyo haikufika.

Katika karne ya 19 Pangani ndiyo iliyokuwa mlango wa bara upande huu wa pwani. Misafara ya pembe za ndovu, na ya watu waliotiwa utumwani, iliteremka kutoka Kilimanjaro na Umasaini kwa kufuata bonde la mto, ikaja kuishia kwenye majahazi. Mjini kulikuwa na nyumba za mawe, na kando ya mto mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Bushiri bin Salim, aliyewatoa jasho Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mwenye shamba huko, na huko huko ndiko walikomnyonga Desemba 1889. Tanga haikuwa na sifa ya kuushinda mji ule. Ila ilikuwa na kitu kimoja ambacho Pangani haikujaliwa, nacho ni ghuba. Mlango wa Mto Pangani una fungu la mchanga linalozuia vyombo vikubwa, wakati ghuba ya Tanga ina kina na imekingwa na upepo. Kwa nahodha wa jahazi tofauti hiyo haikuwa na uzito. Kwa nahodha wa meli ya moshi ilikuwa kila kitu.

Mwaka 1891 ikaundwa kampuni Ujerumani kwa ajili ya kujenga reli ya Usambara, na mwaka 1893 kazi ikaanzia Tanga. Wenye mtaji walikuwa wameota kahawa. Milima ile yenye baridi na mvua ingeoteshwa kahawa, kahawa ingeteremshwa ghubani, ghubani ingepakiwa kwenda Hamburg. Ndiyo reli ya kwanza katika nchi inayoitwa leo Tanzania Bara. Dar es Salaam, pamoja na ugavana wake wote, ilisubiri reli yake hadi 1905. Sisi watu wa Tanga tunalitaja jambo hili kila tunapopata nafasi, na mimi simo kwenye kundi la wanaoona haya.

Majigambo yenyewe lakini yana mahali pa kunyamaza. Mwaka 1896 treni ilifika Muheza. Kutoka Tanga hadi Muheza ni kilomita 40. Miaka mitatu, kilomita 40! Mwaka huo huo Waingereza walianza kutandika reli yao kutoka Mombasa, na Desemba 1901 walikuwa wamefika ufukweni mwa Ziwa Victoria, pale palipokuja kuitwa Kisumu, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini. Sisi wakati huo tulikuwa bado hatujaingia Korogwe. Kampuni ilikuwa imeishiwa fedha kitambo, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua reli yote mikononi mwake. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, miaka 18 tangu jembe la kwanza, kwa njia ya kilomita 352.

Fedha haikuwa sababu pekee. Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao, na hawakuona kwa nini waache migomba na mihogo waende kubeba udongo wa tuta la Mzungu. Wakaletwa watu kutoka mbali, Wanyamwezi miongoni mwao, na mvua za masika nazo zikawa zinadai sehemu yao kila mwaka. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898 ndiyo iliyomaliza ubishi: kodi ilitaka fedha, na fedha ilipatikana kwa kufanya kazi ya vibarua, relini au shambani. Ukisoma maelezo ya zamani utakuta "uhaba wa wafanyakazi" umeandikwa kana kwamba watu walikuwa hawapo. Walikuwapo. Walikuwa na kazi zao.

Na Pangani? Treni ilipofika Korogwe, mwenye mzigo kutoka bara hakuwa na haja ya kuongeza siku za mguu hadi mlangoni mwa mto. Aliupakia Korogwe ukafika ghubani Tanga akiwa bado hajavua viatu. Pangani haikuchomwa moto wala kuzingirwa. Njia tu ndiyo iliyohamishwa. Wenzangu wa Pangani mnisamehe, lakini mji wetu ulikula kutoka sahani yenu. Na mwosha huoshwa, kama nitakavyoonyesha.

Kwanza tupime reli yenyewe. Umbali kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili. Reli ya Kati, ile ya Dar es Salaam, ni hiyohiyo mita moja. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ni milimita 1,067, na ndiyo maana Kidatu mizigo ilijengewa mahali pa kufaulishwa kutoka behewa la huku kwenda behewa la kule. SGR, ambayo siku hizi kila mtu ni mtaalamu wake, ni milimita 1,435. Reli nyembamba ni nafuu kuijenga. Inapinda vizuri kwenye miteremko, tuta lake halihitaji udongo mwingi, na madaraja yake ni mepesi. Unachopoteza ni mwendo na uzito. Mjerumani alichagua mita moja kwa sababu mfuko ulikuwa mdogo. Mwingereza wa Mombasa alichagua mita moja pia, kwa kuwa vichwa vya treni, mabehewa na mafundi alivichukua India, ambako njia za upana huo zilikuwa zimejaa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Wapinzani wawili waliotaka kunyang'anyana Kilimanjaro walitandika, kila mmoja upande wake, njia ambazo zingeweza kuunganishwa kesho yake asubuhi.

Shikilia hilo, nitalirudia.

Katika kusimulia reli hii watu hupenda kuruka kutoka Tanga hadi Moshi kana kwamba katikati hapana kitu. Mimi utamu wake nauona katikati, kwenye vijia vilivyochipuka ubavuni. Kilichonivutia kuliko vyote ni kile cha Sigi. Kampuni moja ya mbao ya Kijerumani ilijenga, kati ya 1904 na 1910, reli ya upana wa sentimita 75 kutoka stesheni ya Tengeni, upande wa Muheza, kupanda hadi Sigi chini ya Amani. Haikuzidi kilomita 24 au hivi. Msitu ulikuwa na miti minene, mlima ulikuwa mkali, na juu kabisa serikali ilikuwa imefungua Amani, mwaka 1902, taasisi kubwa ya utafiti wa mimea na kilimo. Treni ndogo ilishusha magogo na kupandisha wataalamu na vyakula vyao. Pale Tengeni kila gogo lilibebwa na watu kutoka behewa dogo kwenda kubwa, kwa sababu sentimita 75 haziingii kwenye mita. Reli hiyo iling'olewa zamani. Nyumba ya stesheni masta wa Sigi ndiyo imebaki, na sasa ni ofisi ya kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ukienda kuangalia vinyonga na ndege utalipia kiingilio chako katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya treni, na wengi huondoka bila kulijua hilo. Nimewahi kuwaambia vijana fulani waliokuwa wakijipiga picha mlangoni. Wakanitazama kama ninayewauzia kiwanja baharini.

Mbele zaidi, Mkumbara, walifanya jambo la ajabu kuliko hilo. Reli haikuweza kupanda ukuta wa Usambara Magharibi, basi wakanyoosha waya. Magogo kutoka misitu ya Shume yaliteremka yakining'inia hewani hadi stesheni, mwendo wa kilomita tisa hivi. Sijui nani alithubutu kuwa wa kwanza kusimama chini yake.

Halafu mkonge. Hapa ndipo ilipolalia riziki ya mkoa mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kahawa ya Usambara, ile iliyoota ndotoni mwa wenye hisa, haikuleta utajiri waliouhesabu. Mwaka 1893, mwaka uleule wa kuanza reli, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani (hata hili Pangani ililipata mwanzo), na kutoka humo ukaenea bonde zima la reli: Ngomeni, Muheza, Mnyusi, Korogwe, Mombo. Mkonge na reli vilifaana kwa namna ambayo kahawa haikufaa. Jani la mkonge ni zito mno na ndani yake singa, yaani nyuzi, ni chache sana. Asilimia kubwa ni maji na majimaji. Haliwezi kubebwa mbali kwa kichwa wala kwa punda. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilitandika vireli vyake vya sentimita 60, vya kusukuma au kuvutwa, vikakusanya majani kutoka mstari hadi mstari na kuyapeleka kwenye korona, mashine ya kuyasaga. Korona likayasaga, singa zikaanikwa kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, marobota yakapanda behewa la mita moja, behewa likashuka Tanga. Ukiitazama ramani ya zamani, reli kuu inaonekana imeota nywele pande zote.

Watu nao walisafirishwa kwa mtindo huo. Manamba, wale vibarua wa mkataba waliotolewa Ufipa, Uha, Songea, Urundi na kwingine, na kuanzia 1944 wakaandikishwa na chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU, walisafirishwa hadi bondeni wakashushwa kwenye stesheni ya shamba. Wengi wao hawakurudi. Nenda leo Muheza au Korogwe, uliza majina ya koo nyumba kwa nyumba, utapata ramani ya Tanganyika nzima. Kiswahili cha makambini kilifundishwa na mahitaji. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa gengi upande wa Maurui, kazi yake kukaza misumari ya mataruma na kufyeka majani, na alipenda kusema kuwa aliijua Tanzania kabla haijawa nchi, kwa kuwa katika gengi lake la watu wachache hapakuwa na wawili wa kabila moja. Walikuwa na kiberenge chao cha kusukuma kwa mikono. Jumapili, bwana mkubwa akiwa hayupo, kiberenge kilienda harusini. Nikimuuliza kama hawakuogopa kukutana na treni, alikuwa anajibu, "Treni yenyewe ilikuwa na haya, mjukuu wangu. Ilikuwa inapiga honi tangu Mombo."

Vita vya kwanza vya dunia vilipitia juu ya reli hii, na hadithi yake husimuliwa kwa nyuki. Novemba 1914 Waingereza walishusha Raskazone, hapo Tanga, jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, likakutana na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika wapatao 1,000, nyuki wakatoka mizingani wakashambulia, na tarehe 5 wavamizi wakawa wanarudi melini wakiacha silaha ufukweni. Nyuki ni kweli, walikuwapo. Ila nyuki wasingeshinda peke yao. Meli ya kivita Fox ilifika tarehe 2 na kutaka mji usalimu amri, na badala ya kushambulia mara moja wakaingia katika mazungumzo na maandalizi. Muda huo mabehewa yalikuwa yanakimbia kutoka Moshi, kampuni baada ya kampuni. Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, aliingia usiku wa kuamkia tarehe 4, akashukia nje ya mji, akachukua baiskeli akapita mitaa mitupu mpaka karibu na bandari kuchungulia meli za adui. Kilomita 352 za njia nyembamba ndizo zilizoshinda vita vya Tanga. Wanaomsifu jenerali wangemkumbuka na dereva wa treni.

Kwa namna hiyohiyo reli iliwaponza Wajerumani. Walipoanza kurudi nyuma mwaka 1916, njia ya kukimbilia ilikuwa moja na adui alikuwa anaijua. Walivunja madaraja na kung'oa vyuma kila walikopita. Wakati huo walikuwa wameshang'oa vireli vya mashamba ya mkonge wakatandika njia ya sentimita 60 kutoka Mombo hadi Handeni, troli zikisukumwa na watu, ili zana zipelekwe upande wa Reli ya Kati. Fikiria jua la Handeni. Vitabu vinalipongeza sana wazo hilo kwa ubunifu wake. Mgongo uliosukuma haukuandikwa jina.

Lakini vita viliacha kitu kikubwa kuliko madaraja yaliyovunjika, nacho ndicho nilichokuomba ushikilie. Ili kulisha jeshi lao, Waingereza walitandika reli kutoka Voi, wakapita Taveta, na mwaka 1916 wakaiunganisha na reli ya Tanga pale Kahe, mlangoni mwa Moshi. Mita moja kwa mita moja. Hapakuwa na gogo wala gunia la kufaulishwa. Vita vikaisha, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza yuleyule wa Kenya, na mzigo wa Kilimanjaro ukajikuta una njia mbili za kwenda baharini. Moja ilishuka Tanga, ambako meli zilitia nanga katikati ya ghuba na mizigo ikavushwa kwa matishari. Nyingine ilikwenda Mombasa, ambako pale Kilindini meli zilikuja kufunga gatini. Urefu wa njia zenyewe haukupishana sana. Mfanyabiashara angechagua ipi? Alichagua. Mzigo mwingi wa Moshi ukageuza uso kaskazini, na reli ilipoongezwa hadi Arusha mwaka 1929, mavuno ya Arusha nayo yakawa na uhuru uleule wa kuipita Tanga pembeni.

Hapo ndipo ninaposema upana ulituponza. Kama Mjerumani angekuwa bahili zaidi akatandika sentimita 75 kama za Sigi, kila gunia la kahawa lingepaswa kubebwa begani pale Kahe, gharama ingepanda, na Tanga ingebaki na Kilimanjaro yake. Reli mbaya zaidi ingetufaa zaidi. Najua wahandisi watanicheka. Wacheke, lakini wanijibu.

Mkonge ndio uliotuficha tusiuone msiba huo. Bandari ya Tanga haikukosa kazi, kwa sababu mkonge wa bonde haukuwa na pa kwenda ila kwetu. Baada ya vita vya pili bei ilipaa, na Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa katika shirika moja la Afrika Mashariki lenye makao Nairobi. Wazee wanaokumbuka miaka ya 1950 wanakumbuka Tanga yenye fedha na mpira, na treni ikiwa ndani ya kila kitu.

Treni ile haikuwa ya abiria kwa maana ya mjini. Ilikuwa treni ya mchanganyiko: mabehewa ya mizigo mbele, machache ya watu nyuma, na ratiba iliyofuata mzigo. Hata hivyo watu wa karibu waliifanya ya kwao. Mwenye machungwa ya Muheza aliyapandisha alfajiri. Mwenye mgonjwa alimpeleka hospitali ya Bombo. Kijana wa Pongwe alikuja kutazama mechi na kulala kwa shangazi. Gadi mmoja mstaafu, jirani yetu wa Ngamiani, huniambia kuwa abiria wa masafa mafupi ndio waliomsumbua kuliko wote, kwa kuwa walipanda bila tiketi wakijua kuwa kabla hajawafikia watakuwa wameshashuka Ngomeni. "Shikamoo zilikuwa nyingi kuliko tiketi," anasema. Alipokea zote mbili, nahisi.

Mjini kwenyewe reli ilichora mpaka. Upande wa baharini kulikuwa na ofisi, benki, maduka ya Wahindi na nyumba za Wazungu. Upande wa pili Ngamiani, na barabara zake za namba. Mpaka huo Mjerumani aliukusudia na Mwingereza hakuubadilisha. Sisi tulioukuta tulivuka kwenda shule huku tukisubiri mabehewa yapangwe, na tukichelewa tulikuwa na kisingizio ambacho mwalimu hakuweza kukikataa.

Uhuru ulipokuja, nchi ilitaka kitu ambacho wakoloni hawakukihitaji, yaani reli mbili za nchi moja zikutane. Agosti 1963 ikafunguliwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu, kwenye Reli ya Kati, hadi Mnyusi karibu na Korogwe. Kwa Tanganyika lilikuwa jambo la maana mno, silibishii. Kabla yake mtu wa Moshi hakuweza kufika Dar kwa treni. Kwa Tanga lilikuwa Kahe ya pili. Upana uleule, hakuna kufaulisha, na mzigo wa kaskazini ukapata bandari ya tatu. Kilichokuwa kinaponyoka kwenda Mombasa sasa kiliweza kuponyoka kwenda Dar pia. Tanga ikawa ncha ya tawi katika reli iliyoianzisha yenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na huo ndio ukawa mwisho wa kupanda mlima. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na baada ya hapo ilikuwa ni kuteremka tu mpaka uzalishaji ukabaki makumi machache ya maelfu ya tani. Wanaolaumu utaifishaji peke yake wanasahau plastiki, na wanaolaumu plastiki peke yake wanasahau mashamba yaliyoachwa yaote nyasi. Vireli vya sentimita 60 viliuzwa vyuma chakavu au viligeuzwa nguzo za uzio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, njia ya Voi ikakatika. Ungedhani hapo sasa Moshi ingerudi kwetu. Lakini ilikuwa na Ruvu, na ilikuwa na barabara.

Shirika jipya la reli la Tanzania, TRC, lilianza na vichwa vichache, kwa kuwa vingi vilibaki ng'ambo ya mpaka. Treni za abiria za upande huu zikapungua, kisha zikakoma kabisa, na kwa zaidi ya miaka 20 mtoto wa Korogwe aliweza kukua mpaka akaoa bila kuona behewa la watu likipita kwao. Kukodishwa kwa reli kwa kampuni ya India mwaka 2007 hakukuleta abiria wetu. Mkataba ulivunjika ndani ya miaka michache. Mwaka 2019 njia ikafufuliwa, ukaanza mzigo, na Desemba hiyo treni ya abiria ya Dar ikafika Moshi. Oktoba 2020 ikafika Arusha. Nilifurahi kama kila mtu. Kisha nikaitazama njia yake: inapanda kutoka Ruvu, inageuka kushoto kuingia Korogwe, inakwenda zake milimani. Mji wenye stesheni ya kwanza nchini unabaki kulia, kilomita 80 na kitu, hausikii hata honi.

Sasa Tanga inazungumzwa tena. Bandari imechimbwa kina, meli zinakuja gatini, matishari yanaanza kuwa hadithi. Chongoleani, hapa Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Ni njia ndefu kuliko reli yoyote iliyowahi kutufikia, na ajira zake nazitambua, ila bomba halina stesheni. Hakuna mwenye machungwa atakayelipanda. Kuna pia mpango wa miaka mingi wa SGR kutoka Tanga kwenda Arusha mpaka Musoma. Watu wanauliza itakwenda kasi gani. Mimi ninauliza itaungana na ya Dar wapi, kwa sababu nimeshaona maunganio mawili na yote mawili tuliyashangilia.

Lakini kuna jambo dogo lisilohitaji kusubiri milimita 1,435. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzisha treni ya kupeleka watu kazini kutoka Ubungo hadi Stesheni, kwenye reli ileile ya mita moja, watu wakaipa jina la waziri, Treni ya Mwakyembe, wakajazana. Haikutandikwa chuma kipya kutoka mwanzo. Sisi tuna Pongwe yenye viwanda, Muheza yenye soko, Korogwe yenye vyuo na wanafunzi, na njia inayopita kwenye zote tatu. Treni moja ya asubuhi kuja mjini na moja ya jioni kurudi, inasimama Mnyusi, Muheza, Ngomeni na Pongwe. Nimelisema hili kwenye kikao kimoja cha mtaa nikajibiwa kuwa treni za aina hiyo hazilipi. Ni kweli, mahali pengi hazijilipi bila mkono wa serikali, na Tanga si Dar kwa wingi wa watu. Hesabu ifanywe basi, kwa abiria halisi wa kila siku wa barabara ya Segera. Takwimu hizo wanazo wenye Hiace za Muheza, ambao nimejaribu kuwauliza pale stendi, na kwa sababu zao wenyewe hawakuwa tayari kunisaidia.